Kamati ya Shimo

Tulikuwa tunachimba choo. Naanza na hilo kwa sababu baadaye watu wote walilisahau. Hatukuwa tunatafuta handaki, wala historia, wala mali ya Mjerumani. Choo chetu cha zamani kilikuwa kimejaa, na Bibi Milembe ana miaka themanini na kitu, magoti yake hayamruhusu kwenda mbali. Nikamwita Maduhu mchimbaji, akaanza kuchimba nyuma ya nyumba, hatua nne kutoka ukuta wa chumba cha Bibi. Siku ya pili, alipofika kina cha kifua, sururu yake ilizama kwenye udongo kama mwiko kwenye uji. Akaruka akatoka nje, akasema yeye haendelei.

Tukachungulia. Ubavuni mwa shimo palikuwa na tundu la mviringo, mtu anaweza kuingia kwa magoti, na tundu hilo lilielekea moja kwa moja chini ya chumba cha Bibi.

Mimi niliona jambo moja tu, kwamba nyumba ya tofali mbichi imekaa juu ya uwazi. Ulikuwa mwezi wa nane. Mvua huku Bariadi huanza mwezi wa kumi, zikichelewa ni wa kumi na moja. Nilimwambia Maduhu arudishe udongo wote ndani, choo tutachimba upande mwingine. Alikubali. Lakini alipokwenda kufuata koleo lake alipita kwa Salvatory, mwenyekiti wa mtaa, akamsimulia. Hapo ndipo nilipopoteza choo.

Salvatory alikuwa karani wa kupima pamba zamani, na mpaka leo hawezi kuona kitu bila kukiandikia karatasi. Alifika na kofia yake, akapiga magoti kwenye ukingo wa shimo, akamulika kwa simu. Aliposimama alikuwa ameshapata jibu. Alisema ni handaki la Wajerumani. Alisema baba yake alimwambia kwamba chini ya Bariadi yote kuna mahandaki, yanatoka mlimani yanakwenda mpaka mtoni, na Wajerumani walifichamo rupia zao vita vilipowashinda.

Kabla jua halijazama, Mzee Masele naye alikuwa uani kwetu. Yeye ni wa ukoo wa watemi wa zamani, na hataki usahau. Alisema Mjerumani hakuwahi kuchimba hata shimo la kufukia paka huku kwetu. Handaki ni la mtemi, lilichimbwa ili watu na ng'ombe wajifiche Wamasai walipokuja kuteka mifugo.

"Ng'ombe," Salvatory akasema, "wanapita humo kwa magoti?"

"Na Mjerumani wako alikuwa na kimo gani? Cha sungura?"

Waliendelea hivyo mpaka nikawasha jiko, kwa sababu wageni wakikaa uani kwako hadi saa hiyo lazima wale.

Wiki iliyofuata kulikuwa na kamati. Watu saba. Salvatory mwenyekiti, Masele makamu, wengine watano wa kusikiliza ugomvi wao. Salvatory aliandika barua, akaipiga muhuri wa mtaa, akaigongomea kwenye mwarobaini wetu kwa msumari. Barua ilisema ni marufuku mtu yeyote kugusa, kufukia au kubadilisha shimo hili hadi historia yake itakapothibitishwa. Nilimwuliza, kwa sauti ndogo maana mbele ya watu sauti yangu hunikimbia, itathibitishwa lini. Akasema historia haina haraka.

Kamati ilikutana Jumanne na Ijumaa, kwetu, kwa sababu shimo liko kwetu. Chai ilikuwa yetu na michembe, viazi vikavu vya kula nayo, ilikuwa yetu. Mimi nilipewa kazi ya kuandika mahudhurio, na kabla ya kikao cha kwanza niliambiwa nifagie ndani ya shimo, wageni wasione uchafu. Nikafagia. Nilitoa majani, mifupa midogo, na miiba mingi mirefu yenye mabaka meusi na meupe. Nikavichoma vyote pamoja na takataka za jikoni. Hakuna aliyeuliza nimetoa nini.

Vitu walivyovitaka walivipata wenyewe. Salvatory aliingiza mkono kwenye tundu akatoka na sarafu ya zamani iliyotobolewa katikati, akaizungusha mtaa mzima. Masele alipata kichwa cha mkuki, kifupi, kimeliwa na kutu. Kila mmoja alisema kitu chake kimemaliza ubishi, na ubishi ukaanza upya.

Kila siku wakati huo sisi tulikwenda choo kwa jirani yetu Martha. Bibi alikuwa anashika bega langu, tunavuka barabara taratibu, pikipiki zinatupigia honi. Martha ni mtu mzuri, lakini ukivuka barabara mara nne kwa siku kwa miezi miwili, hata mtu mzuri anaanza kukuitikia salamu kwa kifupi.

Mwishoni mwa mwezi wa tisa akaja Fredrick. Alikuwa mwanafunzi wa chuo kimoja cha Mwanza, mtoto wa Maswa, na utafiti wake wa shahada ya pili ulihusu mahandaki ya kujihami ya Wasukuma. Mwalimu wake alikuwa ameshaukubali. Sasa alihitaji handaki. Alikuja na viatu vyeupe na kinasa sauti kidogo kama kiberiti, na heshima yake ilikuwa nyingi kiasi kwamba sikuweza kumchukia, ingawa nilijaribu.

Siku ya kwanza alipiga picha ukuta wa chumba cha Bibi kwa muda mrefu. Ufa ulikuwa umeanza kupanda kutoka kwenye msingi, na mimi kila Jumapili niliweka mstari wa mkaa pale ulipoishia, nione unakwenda wapi. Fredrick alinionyesha mistari ile akaniuliza kama wazee wanaifahamu maana yake. Aliona inafanana na alama za kuhesabia ng'ombe.

"Ni mimi niliyeandika," nikamwambia. "Wa juu kabisa ni wa juzi."

Alizifuta picha zile mojamoja, masikio yamemwiva.

Kisha alimhoji Bibi. Alimwamkia vizuri, mwadila, mama, akakaa chini kwenye mkeka kama inavyotakiwa, akawasha kinasa sauti. Alimwuliza kama marehemu babu, Mzee Shigela, aliwahi kutaja handaki. Bibi akasema hajui. Akamwuliza kama kabla nyumba haijajengwa aliona tundu lolote mahali hapa. Hajui. Akamwuliza kuhusu Wajerumani, kuhusu mtemi, kuhusu Wamasai. Bibi alisema mengi kuhusu mwaka wa nzige na kuhusu bei ya pamba walipooana na babu, lakini kila swali lilipogusa shimo alisema hajui, akaendelea kupepeta mchele.

Nilimwamini. Nani asingemwamini Bibi yake?

Mvua ya kwanza ilinyesha tarehe kumi na nane mwezi wa kumi. Asubuhi nilitia vidole vitatu ndani ya ufa. Nilimwomba Bibi ahamie chumbani kwangu, mimi nitalala jikoni. Alikataa. Nikamwuliza kwa nini. Alisema kitanda chake kipo mahali pake. Nikaenda kwa Salvatory, nikasimama mlangoni pake mpaka mkewe akaniona, nikasema ukuta unaanguka. Salvatory alisikitika kweli, sisemi uongo. Alisema atalileta jambo hilo kwenye kikao cha Ijumaa kama ajenda ya tatu.

Ijumaa hawakufika ajenda ya tatu. Waliishia kwenye ya kwanza, ambayo ilikuwa kama jina la mahali pale liwe Handaki la Mjerumani au Handaki la Mtemi kwenye kibao kitakachowekwa barabarani.

Kesho yake tetea wetu aliingia kwenye shimo kutaga. Nilishuka kwa ngazi ya Maduhu kumfuata. Alikuwa amejikunja ndani ya tundu, mayai sita chini yake, ananitazama kana kwamba mimi ndiye mwenye makosa. Nilikuwa nimechoka. Nilikuwa nimechoka na chai, na barabara, na mahudhurio, na ajenda, na sasa kuku. Nikiwa peke yangu kule chini sauti yangu ilirudi, na nikasema kwa nguvu, kwa Kisukuma, ni nani huyo mjinga aliyechimba mashimo haya.

Nikasikia ngazi inalia. Nikageuka. Bibi alikuwa anashuka. Bibi, ambaye hawezi kuvuka barabara bila bega langu, alikuwa anashuka kinyumenyume, mguu mmoja, kupumzika, mguu mwingine. Nilimshika kiuno nikamteremsha. Akakaa kwenye udongo, akapanga nguo yake, akasubiri pumzi irudi.

"Babu yako," akasema. "Na usimwite mjinga."

Ndipo akanieleza yote. Babu Shigela alikuwa mmoja wa Banunguli, chama cha wawindaji wa nungunungu. Wakati huo hapa palikuwa pori, mji ulikuwa kule upande wa soko tu. Nungunungu walikuwa wanamaliza viazi na karanga za watu, na wakulima waliwaita Banunguli kutoka hata Lalago. Kazi yao ilikuwa kuingia. Mtu analala kifudifudi, anajisukuma ndani ya tundu na mkuki mfupi na kijinga cha moto, na mkewe anabaki mdomoni mwa tundu ameshika kamba iliyofungwa mguuni mwa mume. Kamba ikivutwa mara mbili, naye anavuta. Matundu yalikuwa ya nungunungu wenyewe, Banunguli waliyapanua tu, viangazi vitatu mfululizo. Mkuki ulikuwa wao. Sarafu ilikuwa ya shanga za babu, uzi ulikatika humo ndani, na alinuna wiki nzima.

"Nyumba tuliijenga juu yake makusudi," akasema. "Wenzake wa chama kingine wasilione."

Nikamwuliza, kwa hiyo siku zote ulikuwa unajua. Akasema anajua. Nikamwambia kuna watu saba wanakunywa chai yetu mara mbili kwa wiki, na kijana amekuja kutoka Mwanza na mashine, na yeye anapepeta mchele anasema hajui.

"Hakuna aliyeuliza mahali panapoulizwa," Bibi akasema.

Kwa sababu Banunguli walikuwa na kiapo, na wake zao walikula kiapo hicho pamoja nao. Tundu likiwa wazi, habari zake hazisemwi juu ya ardhi. Si kwa mtoto, si kwa padri. Likifukiwa, sema utakavyo, hakuna atakayekuibia tena nungunungu wako. Babu alikufa kabla hajalifunga, na mke wa aliyeliacha wazi hulala karibu na mdomo wa tundu mpaka lifungwe. Miaka ilipopita Bibi alidhani mvua zimeshalifunga zenyewe. Halafu sururu ya Maduhu ikapita.

Nilikaa kule chini nimepakata kuku, nikapanga mambo kichwani. Kamati haitaki tufukie mpaka historia ijulikane. Historia haiwezi kusemwa mpaka tufukie. Na ukuta haumsubiri mtu.

Nikamwomba Bibi avunje kiapo mara moja tu. Waliokula kiapo wamekufa wote, nikasema, nani atamdai? Hakukasirika. Alisema aliishika kamba ile miaka kumi na mmoja na hakuwahi kuiachia hata akiwa na mimba ya mama yangu, na sasa mimi nataka aiachie kwa sababu ya Salvatory.

Kumpandisha juu kulituchukua nusu saa, na magoti yake yasingemshusha tena.

Jumanne nilisimama kwenye kikao. Sijawahi kusimama kwenye kikao. Walikuwa wanabishana nikawa nimesimama tu na birika mkononi, mpaka Fredrick akawaambia wazee kwamba Kabula, yaani mimi, ana neno. Nilisema wafukie shimo, na likishafukiwa Bibi atawaambia historia yake. Salvatory aliuliza kwani Bibi ameanza kujua lini. Nikanyamaza, maana nilikuwa juu ya ardhi, na Bibi alikuwa ananitazama kutoka mlangoni. Masele alisema huo ni ujanja wa watu wanaotaka choo. Salvatory, kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane, alikubaliana naye. Aliifuata barua yake pale kwenye mwarobaini na kusoma kwa sauti neno hadi. Hadi itakapothibitishwa. Kwanza historia, alisema, kisha koleo.

Fredrick peke yake hakucheka. Aliandika kitu.

Alhamisi ilinyesha toka saa mbili asubuhi. Bibi alikuwa jikoni anaota moto, mimi naosha vyombo upenuni, niliposikia kishindo kama mtu ameangusha gunia la pamba. Pembe ya chumba chake ilikuwa imeanguka ndani. Tofali zilikuwa juu ya mto wake. Bati upande ule lilining'inia.

Bibi alikuja akatazama. Akaingia, akaanza kuziondoa tofali kitandani, moja moja, apate kukaa.

Nilichukua koleo, nikaenda nyuma, nikaanza kurudisha udongo ndani ya shimo. Ulikuwa mzito wa maji na kila koleo lilinivuta bega. Sijui nilifanya kazi muda gani kabla Salvatory hajaja. Alikuja na mwavuli na ile barua, ameing'oa kwenye mti. Aliniambia mara tatu nisimame. Nilimheshimu kwa kutomtazama. Akasema nitaharibu ushahidi, nitaiharibia Bariadi yote, atanipeleka mbele ya kata.

"Mwenyekiti," nikasema, "nenda chumbani kwa Bibi ukakae kwenye kile kitanda. Ukae hapo mpaka historia ithibitishwe. Mimi nitakuletea chai."

Sauti haikunikimbia. Ilikuwa kubwa mpaka Martha akaisikia ng'ambo ya barabara, akaja na koleo lake, bila kuuliza chochote. Nadhani naye alikuwa amechoka nasi kwenye choo chake.

Fredrick alifika baadaye, amelowa, begi lake amelifunika kwa koti. Aliniomba siku mbili. Siku mbili tu, achore ramani, apime urefu, kwa sababu bila vipimo mwalimu wake hatakubali. Nikamwambia ngazi ile pale, ashuke akapime, simzuii. Aliinama akatazama tundu. Maji yalikuwa yanachuruzika ndani yake na udongo wa juu ulikuwa unadondoka vipande vipande. Halafu akatazama bati, na Bibi chini yake, ameketi ukingoni mwa kitanda na tofali moja mapajani. Nikaona anavua vile viatu vyeupe. Aliviweka juu ya jiwe, akachukua koleo la Martha ili Martha apumzike.

Salvatory alisimama na barua yake mpaka muhuri ukaanza kuvuja wino. Kisha akakunja mwavuli, akasema anaandika kwenye kumbukumbu kwamba alipinga, akaanza kuvuta udongo kwa jembe. Masele alipopata habari kwamba Salvatory yuko huko, alikuja mbio, asije akakosa kitu.

Tulimaliza Jumamosi mchana. Maduhu alishindilia kwa gogo. Bibi alitoka, akapiga mguu juu yake mara mbili, akasema liko sawa. Akaomba kiti.

Alisema yote, juu ya ardhi, mbele ya kamati nzima na majirani. Fredrick aliwasha kinasa sauti. Bibi alitaja majina ya wawindaji, alitaja kiangazi gani walipita upande gani, aliimba wimbo waliouimba mtu akichelewa kutoka. Mimi nilikuwa nasikia mara ya pili na bado niliacha chai ikachemka ikamwagika.

Alipomaliza, Salvatory alimshukuru, wabeja sana, mama. Akasema sasa ni wazi kabisa kwamba nungunungu waliingia kwenye handaki baada ya Wajerumani kuondoka. Masele akasema nungunungu wangewezaje kukaa mahali ambapo ng'ombe wa mtemi walikuwa wanapita. Wakaondoka wanabishana, nikawasikia mpaka kona ya barabara.

Fredrick alibaki. Alikuwa anafurahi kama mtu aliyeokota kitu. Akauliza kama kuna chochote cha kuonyesha, mfupa, mwiba hata mmoja, mwalimu wake atataka kitu cha kushika. Nikamwambia nilivichoma siku ile ya kufagia. Alikaa kwenye jiwe karibu na viatu vyake. Mkuki na sarafu, vitu viwili vilivyobaki, Salvatory na Masele walikuwa wameshaviweka kila mmoja nyumbani kwake na hawakutaka kuvitoa.

Aliondoka Jumapili. Baada ya wiki tatu akarudi, amebeba barua yenye muhuri mkubwa kuliko wa Salvatory. Nilikuwa uani nakanyaga udongo wa kukandika ukuta mpya. Niliisoma polepole, yeye amesimama. Mwalimu wake alikuwa amesikiliza sauti ya Bibi, akaisifu, na sasa chuo kilikuwa kinaomba ruhusa ya familia kufukua shimo, sehemu ndogo tu, ili kuthibitisha maelezo yake.

Nilimsomea Bibi. Akauliza kama kijana amekula.

Fredrick alikuwa anatazama miguu yake. Alisema aliwaambia chuoni kwamba tutakataa, wakamwambia aje hivyohivyo. Nilikunja barua nikaiweka dirishani chini ya sabuni, isipeperuke. Kisha nikampa sururu. Nilimpeleka nje ya ua, upande wa barabara, pale tunapotoa udongo, mbali na nyumba, nikamwonyesha nataka debe kumi kabla ya mchana, maana ukuta ulikuwa umefika kiunoni tu.

Alivua viatu bila kuambiwa. Alichimba vizuri. Bibi alitusogelea na fimbo yake, akashika udongo, akauvunja kwa vidole, akasema maji hayatoshi.